Sikio Halipunguzwi, Linakunjwa

Wiki ya kwanza ya Januari vinyozi wa Kaloleni hapa Arusha hawana muda hata wa kunywa chai. Shule zinafunguliwa, na kila mzazi anataka kichwa cha mwanawe kiwe kimenyolewa kabla ya Jumatatu. Nilikuwa kwenye benchi nangoja zamu yangu pale mama mmoja alipomwinamia kinyozi akamwambia kwa sauti ya chini, "Kaka, hapa pembeni mwachie kidogo, zimfunike." Kinyozi alimtazama yule chalii kitini, akaelewa. "Mama, wakimrudisha getini je?" Mama hakujibu. Mashine ikapita, nywele zikadondoka, yakabaki masikio mawili yametanda kushoto na kulia. Mtoto alijitazama kwenye kioo mara moja tu, halafu akainamisha kichwa.

Namjua mtoto yule bila kuambiwa jina lake. Shule ya msingi nimesoma Moshi, na kuanzia darasa la tatu jina langu lilikuwa Dishi. Tulipotoka nje nikajikuta naongea na yule mama, naye akaniuliza swali nililokwisha kuulizwa mara nyingi: "Nasikia hospitali wanayapunguza. Ni kweli wanakata?" Nilimjibu kwa kifupi palepale kibarazani. Hapa nitajibu kwa kirefu, maana jambo lenyewe lina mafundo kadhaa, na la kwanza limefungwa na hilo neno "kupunguza".

Sikio lililotokeza mara nyingi wala si kubwa. Shika la kwako. Anzia ukingo wa nje, pitisha kidole ukielekea tundu: unapanda tuta la kwanza, unashuka kwenye mfereji mwembamba, unapanda tuta la pili, kisha kidole kinadumbukia kwenye bakuli linalozunguka tundu. Tuta la pili ndilo lenye siri. Ni mkunjo wa gegedu, ule mfupa laini unaolipa sikio umbo, na kazi yake ni kulirudisha sikio nyuma lilalie kichwa. Kwa wengi wenye masikio kama yangu, tuta hilo halikujikunja vizuri tangu tumboni, kwa hiyo sikio limebaki tambarare, limefunguka kama ukurasa wa daftari. Wengine mkunjo wanao, ila bakuli lao lina kina kirefu na linalisukuma sikio zima nje. Wengi wana vyote viwili kwa viwango tofauti, na kushoto si sawa na kulia. Ukitaka kupima, chukua rula: kwa kawaida ukingo wa sikio husimama karibu sentimita 1.5 hadi 2 kutoka kichwani. Ukivuka 2, hapo ndipo madaktari huanza kusema limetokeza.

Kwa hiyo kinachofanyika chumba cha upasuaji si kukata ukubwa bali ni kurudisha mkunjo uliokosekana. Daktari anachana ngozi nyuma ya sikio, kwenye ule mfereji ambako miwani hukaa, analifikia gegedu kwa nyuma, kisha analikunja na kulishona kwa nyuzi za kudumu ili tuta la pili lisimame. Kama tatizo ni bakuli, analivuta nyuma na kulishikiza kwenye utando mgumu unaofunika mfupa wa nyuma ya sikio, au anaondoa kipande kidogo cha gegedu la bakuli lenyewe. Gegedu likiwa gumu, hulikwaruza upande mmoja, maana lina tabia ya kujipinda kuuelekea upande usiokwaruzwa.

Njia hizi hazikuzuka jana. Mwaka 1881 daktari Edward Ely wa New York alieleza namna ya kurudisha nyuma masikio yaliyotokeza, lakini yeye alikata tu. Ilipofika 1910 ndipo William Luckett, wa New York vilevile, aliposema wazi kwamba kinachokosekana ni mkunjo. Ushonaji unaotumika sana leo ulielezwa 1963 na Jack Mustardé, daktari wa Scotland, na ule wa kuvuta bakuli nyuma ukaelezwa na David Furnas mwaka 1968. Huyo Mustardé, nimtaje kidogo, uzeeni mwake alihangaika hadi kikapatikana kituo cha upasuaji rekebishi huko Accra, Ghana, kwa ajili ya watu wa majeraha ya moto na kasoro za kuzaliwa.

Fundo la pili ni usikivu. Watu wengi huchanganya sikio la nje na kusikia, wakadhani mtoto mwenye masikio yaliyofunguka husikia zaidi, au akishonwa atasikia kidogo. Hapana. Kazi ya kusikia iko ndani, nyuma ya ngoma ya sikio, na upasuaji huu haufiki huko. Lakini yuko mtoto mwingine ambaye asichanganywe na huyu: aliyezaliwa na sikio dogo mno, au kinundu tu cha nyama, pengine tundu likiwa limeziba kabisa. Huyo si wa urembo. Huyo anahitaji kupimwa usikivu mapema, angali mchanga, sikio bovu na zima pia, kwa sababu asiposikia vizuri hatajifunza kuongea vizuri. Sikio jipya la mtoto kama huyo hujengwa kwa gegedu la mbavu, kwa hatua zaidi ya moja, na kwa kawaida husubiriwa afikishe angalau miaka sita au zaidi ili mbavu ziwe na gegedu la kutosha. Mzazi akikuambia "mwanangu ana tatizo la sikio", muulize kwanza ni lipi kati ya haya.

Je, chanzo ni nini? Bibi yangu alishikilia kwamba ni mama kumbeba mtoto vibaya mgongoni, sikio likakunjika. Wengine husema ni mwalimu aliyeyavuta. Mwalimu ana makosa yake, ila hili si lake. Masikio haya hurithiwa. Nilipokuja kuona picha ya babu mzaa baba, amesimama na kofia yake, nilicheka: kofia ilikuwa imeegeshwa juu ya masikio kama sufuria kwenye mafiga.

Kuna jambo moja ambalo natamani kila mkunga na muuguzi wa kliniki angelijua. Mtoto mchanga, katika wiki zake za kwanza, ana gegedu laini sana kwa sababu bado ana homoni za mama yake mwilini. Kipindi hicho sikio linaweza kufinyangwa bila kisu: kijiti laini kinachopindika, kilichofunikwa kwa mpira, hulazwa kwenye ule mfereji mwembamba kati ya matuta mawili, si tunduni, na kushikizwa kwa plasta kwa wiki kadhaa, na sikio likashika umbo hilo moja kwa moja. Matokeo mazuri hupatikana ukianza wiki ya kwanza au ya pili. Baada ya wiki sita hivi gegedu limeshakaza na faida inapungua sana. Ni kazi ya mtaalamu, si ya gundi na kadibodi nyumbani, kwa kuwa ngozi ya kichanga huchubuka upesi. Na ule mtindo wa kumfunga mtoto wa miaka miwili kitambaa kichwani kila usiku hausaidii chochote zaidi ya kumkosesha usingizi.

Aliyepitwa na dirisha hilo husubiri hadi miaka mitano au sita. Sababu ni mbili. Sikio la mtoto wa umri huo limeshafikia karibu asilimia 85 hadi 90 ya ukubwa wa utu uzima, kwa hiyo kulishona hakuzuii kukua. Pili, gegedu la mtoto mdogo zaidi ni laini mno, uzi unalikata kama waya kwenye jibini. Yapo maelezo ya kigeni yanayoongeza kwamba msichana anaweza kusubiri kwa kuwa nywele zitamfunika. Hayo yameandikwa kwa watu wasiojua shule zetu. Kwetu msichana na mvulana wa shule ya msingi wote wananyolewa, na wengi hunyolewa mpaka wanamaliza sekondari. Yaani miaka ambayo mtoto anataniwa zaidi ndiyo hiyohiyo ambayo hana hata unywele wa kujifichia. Dada yangu alikuwa na masikio kama yangu. Leo anasuka rasta, na hakuna anayejua.

Hapo ndipo mzazi anatakiwa kujiuliza nani hasa anayeona haya. Mtoto wa miaka minne hajui aibu ya masikio, aibu hiyo ni ya mama, au ya shangazi aliyekuja kumwona mtoto akasema neno. Mtoto akiwa hajali, anacheza, anacheka na wenzake, mwache. Akianza yeye mwenyewe kuuliza, kukataa kunyolewa, au kutafuta kisingizio asiende shule, hapo kuna la kuongea. Mtoto aliyelitaka mwenyewe huvumilia bandeji, na asiyelitaka huivua usiku. Naamini pia kwamba mzazi aende shuleni kwanza akaongee na mwalimu wa darasa, maana darasa lililozoea kutania litahamia kwenye meno.

Nije kwenye kovu, na hapa ningependa msomaji akae kitako. Kidonda cha kawaida kikishafunga, mwili huacha kutengeneza nyama ya kovu. Kwa watu wengine hauachi. Kovu linaendelea kunenepa, linavuka mipaka ya kidonda, linang'aa, linawasha usiku, linakuwa kama kipande cha mpira kilichopandwa chini ya ngozi. Hiyo ndiyo keloidi. Humpata mtu wa rangi yoyote, lakini sisi wenye ngozi nyeusi hutupata mara nyingi zaidi, na sikio, kifua, mabega na taya ndiyo makazi yake. Tovuti nyingi zinazoeleza upasuaji wa masikio zimeandikwa kwa wasomaji weupe, kwao kovu hilo ni mstari mmoja mwishoni mwa orodha ya madhara. Kwetu lilipaswa kuwa mstari wa kwanza.

Tena lina kejeli yake. Mshono uko nyuma ya sikio. Keloidi ikiota hapo inalisukuma sikio mbele, na mtu aliyelipa ili masikio yarudi nyuma anajikuta yametoka kuliko mwanzo. Kuikata tu si dawa: ikikatwa bila tiba nyingine, karibu nusu au zaidi hurudi, pengine kubwa kuliko ile ya kwanza. Tiba ya kawaida ni sindano za steroidi ndani ya kovu lenyewe, zikirudiwa kila baada ya wiki kadhaa, na kwa masikio vibanio maalumu vya kugandamiza.

Umri nao una neno. Keloidi huwapata zaidi walio kati ya miaka 10 na 30, na kwa watoto wadogo si nyingi. Uchunguzi wa watu waliotoga masikio ulionyesha kwamba waliotoga wakiwa na miaka 11 na kuendelea walipata keloidi zaidi kuliko waliotogwa wadogo. Sisemi mtoto akimbizwe hospitali kwa ajili hiyo. Nasema kwamba kama uamuzi umeshafikiwa na mtoto ana miaka saba, kumngojesha hadi kidato cha pili ni kumpeleka kwenye kipindi kibaya zaidi cha kovu. Kabla ya yote, kagueni familia: nani alitoga masikio akaota kinundu? Nani ana kovu la chanjo begani lililotutumka? Mtoto mwenyewe akikwaruzika, kidonda huacha nini? Kutoona kitu si hati ya usalama, ila kuona kitu ni sababu tosha ya kutulia na kumwona daktari wa ngozi kwanza.

Watu wazima nao wanakuja. Mwanaume wa miaka thelathini na tano anayekaribia kuoa, dada ambaye nywele zimepungua na hawezi tena kusuka, au mtu aliyepata fedha yake mwenyewe akaamua kumaliza jambo lililomkera tangu utoto. Umri si kizuizi. Gegedu la mtu mzima ni gumu zaidi, kwa hiyo nyuzi peke yake pengine hazitoshi na kukwaruza kunahitajika. Faida yake ni kwamba hufanyiwa kwa sindano ya ganzi akiwa macho, ilhali mtoto hulazwa kwa nusu kaputi, na nusu kaputi ina hatari zake ambazo daktari wa usingizi anapaswa kukueleza uso kwa uso. Kwa wote kazi huchukua kati ya saa moja na mbili, na mara nyingi mtu hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Lakini ukikaa Arusha, sikio la mtu mzima linalohitaji fundi mara nyingi si lililotokeza. Ni ndewe, ile nyama laini ya chini inayotogwa hereni. Kuna Wamasai na Waarusha waliotogwa na kupanuliwa ndewe utotoni, sasa wengine wao, hasa vijana wanaofanya kazi mjini, wanataka zifungwe. Kuna akina mama ambao hereni nzito zimeshuka taratibu mpaka tundu likawa mpasuko, au mtoto wa mgongoni alivuta, au kibaka alipita. Binafsi sioni kasoro katika ndewe ya mzee wa Kimasai. Amevaa alichovishwa na watu wake. Anayetaka kuifunga naye ana haki yake, bila kuulizwa na mimi wala wewe.

Upasuaji huu ni mwepesi kuliko ule wa mkunjo kwa kuwa ndewe haina gegedu, ni ngozi na mafuta tu. Ganzi inatosha. Ila watu hudhani ni kushona tu pande mbili zikutane, na wapo wanaojaribu gundi ya viatu. Haiungani. Ngozi iliyokwisha kupona haishikani na ngozi nyingine iliyopona. Lazima daktari akate kingo za tundu upya mpaka zitoke damu, ndipo azikutanishe. Ndewe iliyorefuka sana hupunguzwa pia, na hapo kweli neno "kupunguza" linafaa. Ukitaka kutoga tena ngoja miezi kadhaa, na utogwe pembeni ya mshono, si juu yake. Habari ya keloidi ni ileile.

Baada ya upasuaji wa mkunjo, kichwa hufungwa bandeji kwa karibu wiki moja, kisha mtu hulala na kitambaa cha kubana kichwani kwa wiki nne hadi sita, ili asiamke sikio limejikunja kwenye mto. Mpira, kuogelea na mieleka ya kaka na dada marufuku kwa kipindi hicho. Kofia ngumu ya bodaboda nayo ingoje, maana kuivaa na kuivua kunalivuta sikio mbele, na kupanda boda bila kofia si jibu. Hapa kwetu mwezi mzuri ni Juni kuelekea Julai: shule zimefungwa, na baridi ya Arusha huwa imemvalisha kila mtu kofia ya sufu. Hakuna atakayeuliza umefunga nini kichwani.

Maumivu kidogo ni ya kawaida. Maumivu makali ya sikio moja ndani ya siku mbili za mwanzo si ya kawaida. Gegedu halina mishipa yake ya damu. Linalishwa na utando mwembamba uliolizunguka. Damu ikikusanyika kati ya utando na gegedu, gegedu linakosa chakula, linakufa na kusinyaa, sikio linajikunyata kama la bondia mzee. Vivyo hivyo usaha. Ukiona maumivu yanapanda, uvimbe, joto, au majimaji yenye harufu, usingoje tarehe ya kliniki, rudi usiku huohuo. Mengine huja polepole: uzi kuchungulia kwenye ngozi baada ya miezi, ganzi inayochelewa kuondoka, au sikio kurudi nje kiasi likahitaji kushonwa tena. Na yasipolingana kabisa usishangae. Hakuna mtu mwenye masikio mawili sawa, hata yule wa kwenye bango la saluni.

Kwa upande wa Kilimanjaro, mahali pa kuanzia ni KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa 1971 pale Moshi. Ina madaktari wa masikio, pua na koo, na katika eneo lake kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza 1992, ambacho kwa mtu mwenye historia ya keloidi kina thamani kuliko picha zote za mtandaoni. (Moshi kuna mtaa unaitwa Pasua, utani wote unaoufikiria umeshafanywa.) Arusha unaweza kuanzia Hospitali ya Mount Meru au ALMC, ile hospitali ya Walutheri, wakakuelekeza. Anayekushona awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na muulize waziwazi ameshashona masikio mangapi ya watu weusi, na akuonyeshe makovu yao baada ya mwaka, si baada ya wiki. Bima kwa kawaida haigharimii upasuaji wa urembo, kwa hiyo upate jibu lao kwa maandishi mapema. Kambi za madaktari wa kujitolea kutoka nje zimesaidia watu wengi, lakini ukishonwa kwenye kambi uliza jambo moja kabla ya kulala kitandani: ndege yao ikishaondoka, uzi ukichungulia Novemba, nimwone nani?

Mengi ya haya nilimweleza yule mama kibarazani, chalii akiwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akila muwa. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akanitazama pembeni mwa kichwa, kushoto, kulia.

"Sasa wewe kaka, mbona hukufanya?"

Nikafungua vifungo viwili vya shati nikamwonyesha katikati ya kifua, kovu pana kama kidole gumba, limetutumka na kung'aa.

"Uliungua?"

"Chunusi," nikamwambia. "Moja tu. Kidato cha pili."